IRC, Usenet, Fido au barua pepe: uanze na ipi kuwaonyesha vijana jinsi mitandao ilivyoshikana?

Jumamosi moja hapa Katuba, Lubumbashi, mvulana wa miaka 13 aliandika "jambo" kwenye skrini nyeusi isiyo na picha hata moja. Kufumba na kufumbua, "jambo" yake ikajibiwa. Akarudisha mikono kifuani kama aliyeguswa na umeme, akanigeukia: "Papa, ule muntu iko fasi gani?" Nikamwambia aandike /whois na jina la yule mtu. Likatokea jina la seva iliyoko Ulaya. Akataka kujua seva ni kitu gani, neno lake lilipita wapi mpaka likafika huko, na njia hiyo ililipiwa na nani. Mvulana huyu hushika simu ya mama yake kila siku, na WhatsApp anaijua kuliko mimi. Hata swali moja kati ya hayo matatu hakuwahi kuliuliza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatwa na walimu na vijana wa parokia wanaotaka kufanya jambo kama hilo na watoto wao, na wengi hukwama mahali pamoja: waanze na njia ipi? Njia za kwanza ambazo watu waliandikiana kupitia mitandao iliyounganishwa bado zinaishi. Nne zinaweza kuguswa leo hii kutoka Lubumbashi: IRC (maongezi ya papo hapo, ile ya mvulana yule), Usenet (makundi ya habari na majibu), Fido (posta ya kompyuta za nyumbani), na barua pepe tuliyoizoea. Zote nimezijaribu na kikundi changu. Kwa saa mbili za Jumamosi, kompyuta tano zilizokwisha tumika na betri moja ya sola, nakushauri uchague moja kwanza.

Ninavyozipima

Vigezo vyangu nimevitoa kwenye foni, yaani redio ya kuongelea. Kabla simu za mkononi hazijaenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukitaka kuongea na ndugu wa Kalemie au Manono ulikwenda kwenye nyumba yenye redio. Nilikwenda na mama mdogo. Ubao wa kukalia ulijaa tangu asubuhi, na waya wa antena ulivutwa kutoka kwenye bati la nyumba hadi mwembe wa jirani. Mwenye chombo aliita, "Kalemie, Kalemie, munatusikia?", akaachia kitufe, nasi sote tukanyamaza kusikiliza mvumo. Kama ndugu yako hakuletwa kwenye chombo saa ile, ulirudi kesho. Na yeyote aliyekuwa kwenye mawimbi yale alisikia msiba wako wote.

Kwa hiyo kigezo cha kwanza ni *kuwepo*: je, lazima wote wawili wawe mbele ya chombo saa ile ile? Mahali ambapo umeme hukatika bila kuaga, kigezo hiki kinazidi vingine vyote. Cha pili ni *umeme na mega*, yaani data ya intaneti unayonunua. Cha tatu ni *kazi ya kuweka*, yaani vyombo na maarifa unayohitaji. Cha nne, *watu na lugha*: watoto watakutana na nani, na wataongea nini? Cha tano nakipenda zaidi, na ndicho watu husahau kukiuliza: *kiungo*. Kila njia inakuonyesha mahali fulani ambapo mashine ya mtu mmoja inaishikia mashine ya mtu mwingine mzigo wake. Ni kiungo gani unataka watoto wakione kwa macho?

IRC: baraza la papo hapo

Jarkko Oikarinen aliiandika Agosti 1988 katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland. Seva moja, yaani kompyuta inayopokea maneno ya watu na kuyapitisha, ikawa na wenzake Helsinki na Tampere, halafu Denver na Oregon huko Marekani. Agosti 1991, wakati wa jaribio la mapinduzi Moscow, watu waliokuwa huko walitumia IRC kueleza waliyoyaona huku vyombo vya habari vikibanwa.

*Kuwepo.* Lazima. IRC ni foni kabisa: usipokuwepo, maneno yamepita, na seva haikuwekei. Umeme ukikatika katikati ya maongezi, wenzako wataona tu kwamba jina lako limetoka.

*Umeme na mega.* Hapa haina mpinzani kati ya njia za papo hapo. Ujumbe mmoja hauzidi baiti 512, pamoja na amri zake. Picha moja ya simu yenye megabaiti mbili ina uzito wa karibu jumbe 4,000 zilizojaa. Mega za bei ya mkate zinatosha darasa zima.

*Kazi ya kuweka.* Ndogo. Kompyuta ya zamani inatosha, na hata simu. Tena unaweza kuiendesha bila intaneti yoyote: programu ya seva kama ngIRCd inakaa kwenye laptopu iliyochoka, ruta inarusha mawimbi chumbani, na watoto wanaandikiana bure.

*Watu na lugha.* Mtandao mkubwa unaojulikana sasa ni Libera.Chat, ulioanzishwa Mei 2021 na watu wa kujitolea waliotoka kwenye mtandao wa zamani wa freenode. Wengi wao ni waandishi wa programu, wakarimu ukiuliza swali linaloeleweka. Kiingereza kinatawala, Kifaransa kipo, na Kiswahili utakileta wewe. Mtu mzima akae nyuma ya watoto muda wote: mtu yeyote anaweza kumfuata mtoto pembeni kwa ujumbe wa siri.

*Kiungo.* Hapa nitakaa kidogo. Seva za IRC zimeshikana kama matawi ya mti, bila duara. Tawi moja likikatika, mtandao unakuwa miwili, na kila upande unadhani wenzake wameondoka. Hii huitwa netispliti. Tuliweka seva mbili kwenye laptopu mbili, kebo moja katikati, watoto watano upande huu na watano upande ule, wote kwenye chaneli moja, yaani chumba kimoja cha maongezi. Nikamwomba msichana mmoja achomoe kebo. Baada ya muda mfupi majina matano yakaanguka kwa mfululizo kwenye skrini, na badala ya "kwaheri" kukawa na majina ya seva mbili zilizoachana. Chumba kikawa kimya, ingawa wale "walioondoka" walikuwa wamekaa mita mbili pembeni, wakiwaona wenzao nao wameondoka. Mmoja akainuka na kupiga meza: "Tuko hapa!" Msichana akarudisha kebo, na majina yakarudi moja moja.

*Inamfaa* mwenye kikundi kilichokaa pamoja chumbani, chenye watoto wanaochoka upesi wakisubiri, na mwenye muda wa kuwasimamia.

Usenet: habari zinazorithishana

Iliwazwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, pamoja na Steve Bellovin wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Mashine za mwanzo zilikuwa tatu, na ziliitana kwa simu. Hakuna makao makuu. Kila mashine inampa jirani habari asizo nazo, na jirani anampa jirani yake. Kila habari ina namba yake ya pekee ili isipokelewe mara mbili.

*Kuwepo.* Si lazima. Unachukua habari, unazima, unasoma jioni, unaandika jibu, unalituma kesho. Jibu linaweza kuja baada ya saa moja au siku tatu, na hakuna anayekasirika.

*Umeme na mega.* Maandishi matupu, nafuu kama IRC, na unaunganika dakika chache tu. Kaa mbali na makundi ya mafaili makubwa. Hayo yatakumalizia mega kabla hujakaa sawa.

*Kazi ya kuweka.* Ya katikati. Programu ya Thunderbird inasoma Usenet, ila unahitaji seva ya kuingilia. Google ilikuwa mlango wa wengi, na tarehe 22 Februari 2024 ikaacha kupokea habari mpya. Ipo seva ya bure iitwayo Eternal September, na jina lake lina kisa. Kila Septemba wanafunzi wapya waliingia vyuoni na kwenye Usenet, wenyeji wakawafundisha adabu za humo, ikifika Oktoba mambo yametulia. Kuanzia 1993 na 1994, kampuni za intaneti zilipowafungulia wateja wao mlango huo, wageni hawakukoma kuingia. Wakongwe wanasema Septemba ya 1993 haijaisha hadi leo.

*Watu na lugha.* Makundi mengi yamebaki mahame yenye matangazo ya takataka, na mengine yana matusi. Hili silifichi. Lakini yapo makundi ya Kifaransa, yanayoanza na fr., na kwa watoto wetu wanaosoma shule kwa Kifaransa huo ni mlango halisi. Chagua wewe kwanza, soma wiki nzima, ndipo uwafungulie.

*Kiungo.* Fungua maelezo ya safari yaliyo juu ya habari yoyote, utafute mstari wa Path. Utaona majina ya mashine yaliyotenganishwa kwa alama ya mshangao, na ukisoma kutoka kulia kwenda kushoto unafuata safari yote, mashine baada ya mashine. Vijana wangu walikuwa wakubwa kidogo, miaka 16 na kuendelea, na waliupenda kuliko habari yenyewe. Kitu kingine kinachowashika ni kumbukumbu: tarehe 25 Agosti 1991, kwenye kundi la comp.os.minix, mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds aliwaandikia wenzake kwamba anatengeneza mfumo wa kompyuta, kama kipitisha wakati tu, hautakuwa mkubwa. Leo mfumo huo, Linux, umo ndani ya kila simu ya Android iliyopo darasani.

*Inamfaa* mwenye wasomaji, sekondari za juu au chuo.

Fido: posta ya usiku

Nakiri mapema kwamba hii naipenda, kwa hiyo pima maneno yangu. Tom Jennings wa San Francisco aliianzisha mwaka 1984 akishirikiana na John Madill wa Baltimore. Si ya chuo wala ya serikali. Ilikuwa kompyuta ya nyumbani, modemu (chombo cha kuunganisha kompyuta na simu) na laini ya simu ya mtu binafsi. Mchana watu waliita kompyuta hiyo kusoma na kuacha barua. Usiku, simu zilipokuwa nafuu, ilikuwepo saa maalumu ya posta ambayo kila nodi, yaani kila kompyuta ya mtandao huo, ilitakiwa kuacha laini wazi, na mashine zikapigiana zenyewe kubadilishana mizigo. Katikati ya miaka ya 1990 nodi zilizidi 30,000 duniani. Ulimwengu uligawanywa kwa maeneo yenye namba. Afrika ilikuwa eneo la 5.

Na hii ilitugusa kwa karibu. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Chuo Kikuu cha Zambia kule Lusaka kilituma barua zake kwa Fido mwanzoni mwa miaka ya 1990, zikapitia Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na kutoka huko zikaingia intaneti. Rhodes wenyewe walikuwa wameanza kwa njia hiyo hiyo, wakipelekeana mizigo na mashine ya Randy Bush iliyokuwa Portland, Oregon. Mwaka 1994 Lusaka ikapata ZAMNET, intaneti kamili. Kabla ya hapo, mwalimu wa Lusaka alikuwa tayari na anwani ambayo mtu wa Boston angeweza kuiandikia.

*Kuwepo.* Si lazima hata kidogo. Hata mashine zenyewe hazihitaji kuwa macho pamoja, ila ile saa ya posta.

*Umeme na mega.* Mzigo unafungwa na kubanwa kwanza, halafu unatumwa mara moja. Saa moja ya umeme kwa siku inatosha.

*Kazi ya kuweka.* Kubwa, na hapa wengi watakata tamaa. Programu zipo, Synchronet na Mystic kwa mfano, na siku hizi mizigo hupita kwenye intaneti badala ya simu. Lakini utaandika namba za nodi, nywila na njia za mafaili mpaka macho yaume. Ilinichukua Jumamosi tatu. Kijana mmoja mwenye subira akusaidie, na umwache aharibu.

*Watu na lugha.* Wachache, wengi wazee, wengi Marekani, Ulaya na Urusi. Ukibisha hodi vizuri wanakukaribisha kama mgeni wa mbali.

*Kiungo.* Hakuna njia inayoonyesha vizuri zaidi kwamba mtandao ni watu waliokubaliana kubebeana mizigo. Mzigo wa Fido ni faili tu. Kwa hiyo tulifunga barua za watoto, tukaziweka kwenye flashi, na kijana mmoja aliyekuwa akienda Likasi kumwona shangazi yake akaibeba kwenye basi, kilometa kama 120. Rafiki yangu mwalimu huko akaifungua kwenye kompyuta yake, barua zikajipanga kila moja kwa jina la mwenyewe, watoto wake wakajibu, na flashi ikarudi Jumapili jioni. Siku tatu, bila mega hata moja. Msichana aliyepata jibu lake alilisoma mara mbili kwa sauti, halafu akaomba lichapishwe.

*Inamfaa* mwenye vijana wachache wanaopenda kufungua vitu, na mwenye mwenzake katika mji mwingine.

Barua pepe: iliyo mikononi tayari

Ray Tomlinson alituma ya kwanza iliyotoka mashine moja kwenda nyingine kwa mtandao mwaka 1971, Cambridge, Massachusetts. Mashine zilikuwa chumba kimoja, lakini ziliunganishwa kwa ARPANET peke yake, mtandao wa utafiti wa Marekani. Alichagua alama ya @ kwa kuwa haikutumika katika majina ya watu. Alichoandika hakukikumbuka baadaye.

*Kuwepo.* Si lazima. Enzi za saiba za mjini, tulipolipia nusu saa, niliandika barua nzima kwenye daftari nyumbani, nikafika na kuipiga haraka kabla dakika hazijaisha. Daftari hilo ninalo bado. Pembeni nimeandika saa niliyoanza na saa niliyomaliza.

*Umeme na mega*: ndogo ukiandika bila viambatisho. *Kazi ya kuweka*: hakuna, karibu kila mwenye simu ya Android ana akaunti. *Watu na lugha*: unaowajua wewe, kwa lugha yako mwenyewe, na kwa watoto wadogo hilo ni salama kuliko zote.

*Kiungo.* Udhaifu wake ni kwamba imezoeleka. Mtoto haoni ajabu mpaka umfunulie. Fungua barua, chagua kuonyesha asili yake, na soma mistari ya Received kutoka chini kwenda juu. Kila mashine iliyoishika imegonga muhuri wake wa saa, kama bahasha iliyopita posta nyingi. Halafu waandikie ubaoni anwani za zamani, za wakati ambapo mitandao haikuelewana na ilibidi umwelekeze mchukuzi njia. Mtu wa BITNET, mtandao wa vyuo ulioanza mwaka 1981 kati ya New York na Yale, aliandikiwa hivi:

jina%mashine.bitnet@cunyvm.cuny.edu

Maana yake: peleka kwanza kwenye mashine hiyo ya New York, nayo itajua la kufanya na kilichobaki. Mtu wa Fido alikuwa na f ya nodi, n ya mtandao na z ya eneo, kisha fidonet.org. Z5 ilikuwa sisi, Afrika. Waulize pia watoto kwa nini anwani za nchi yetu zinaishia .cd. Wazazi wao wataweza kuwaambia kwamba nchi ilikuwa Zaire, na herufi zake zilikuwa .zr.

*Inamfaa* mwenye darasa kubwa na vyombo vichache, au anayeanza mwenyewe na hataki kuweka kitu kipya.

Kulingana na hali yako

Una chumba, ruta na saa mbili ambazo betri itavumilia, na watoto chini ya miaka 15: anza na IRC ya ndani, bila intaneti. Fanya lile jaribio la kebo siku ya kwanza. Ukiona wameelewa, ndipo uwatoe nje kwenye Libera.Chat, mmoja mmoja, wewe ukiwa pembeni.

Umeme wako hauna ratiba, na wanafunzi hawawezi kukutana pamoja: IRC itakuvunja moyo. Kati ya Usenet na barua pepe, uamue kwa umri. Wanaoweza kubishana kwa Kifaransa kilichonyooka wapeleke kwenye makundi ya fr. Wadogo wabaki na barua pepe na mistari ya Received.

Una vijana wawili au watatu wasiolala kwa sababu ya kompyuta, na una mtu Likasi, Kolwezi au Kipushi: Fido, hata kama itakula mwezi. Anza na flashi kabla ya intaneti. Mzigo ukishafika kwa basi, kuupeleka kwa waya kutaeleweka wenyewe.

Mzazi ambaye hana kikundi, ila ana mtoto anayeuliza, hahitaji kuweka chochote. Mwandikie barua pepe akiwa chumba cha pili, kisha mkae pamoja muihesabie mihuri. Tuliyoandikiana mimi na binti yangu, ukuta mmoja kati yetu, ilikuwa na mihuri minne. Aliichukua kalamu akachora ramani yake nyuma ya daftari la hesabu, kutoka mezani kwake mpaka mezani kwangu, na kila seva akaichorea nyumba yenye mlango.